Kuuliza Habari za Kwato

Mara saba nimemwandika yule mwanamke wa Barabara ya Kumi na Mbili:
buibui jeusi, marashi ya asumini yanamtangulia,
sauti laini ikimwuliza mwendesha boda, "Kaka, saa ngapi?"
Mara saba nimeliinua buibui lake
na mara saba kwato zimetoka za mbuzi wa akika,
hazimshtui hata paka wa jirani.

Kaunta buku linakwisha. Ngamiani nzima umeme umekatika.
Mama alikuwa akisema hivi tu:
"Akageuka. Miguu..."
halafu anameza mate, anashusha utambi wa kandili,
nasi watoto sita tunakuwa mtu mmoja chini ya shuka.
Hakuwa na kivumishi hata kimoja.
Mimi ninavyo arobaini, na hakuna anayejikojolea.

Asubuhi nikaenda Makorora kwa Bi Mwanamvua,
mwosha wa maiti za kike,
miaka thelathini na mbili vidole vyake vinanuka karafuu maiti.
Nilimkuta anachambua mchele.
"Bibi, kama wenye kwato wapo, siku ya mwisho si hupita kwako?
Umewahi kuziona?"

Alicheka mpaka ungo ukayumba.

"Miguu nimeosha, mwanangu.
Nimeosha ya binti Shekue, aliyekata mkonge Kigombe,
nyayo kavu kama ubao wa mbuzi ya nazi,
na mwiba ndani, umelala humo tangu enzi ya Mgiriki.
Niliutoa, nikaufunga kwenye kitambaa, nikampa mwanawe.
Nimeosha ya bibi harusi, hina bado mbichi.
Nimeosha ya mke wa mtu, kamba imemla vifundoni,
alama ile nikaisugua mara tatu, nikaongeza hadi tano,
haikutoka,
na mume yuko barazani, kanzu imepigwa pasi,
anapokea rambirambi.
Andika hiyo.
Au hiyo haitishi?"

Kalamu nilikuwa nayo. Sikuandika.

"Na kwato, Bibi?"

Akarudi kwenye mchele. Punje, punje, chuya. Punje.
Nje mtoto alikuwa anaburura kopo kwa uzi,
akafika dirishani, akasimama, kopo likanyamaza.

"Mmoja," akasema. "Mwaka wa Elinino, usiku, mvua haishikiki.
Walionileta hawakutaka kuingia ndani.
Wasaidizi wangu nikawatuma maji, nao maji yalikuwapo, ndoo nne.
Sheria inataka kitovu hadi magoti.
Mimi nikamfunika mpaka chini,
nikaosha kwa kupapasa,
paja, goti, muundi,
mkono wangu ulipofika..."

Akaokota chuya, akaitazama kwenye mwanga,
akaitupa.

"Ulipofika wapi, Bibi?"

"Mwosha huoshwa," akasema.
"Nami namtaka atakayeniosha awe mtu wa kunyamaza."

Akanifungia mchele robo kwenye gazeti, kana kwamba ndio niliokuja kununua.

Nimerudi kwa kufuata reli, jua la saa sita,
kivuli changu kimejikunyata chini ya viatu,
na bado niligeuka mara mbili.

Sasa ni usiku. Nimezikata kwato zote, kurasa saba, kwa wino mwekundu.
Nimevikata na vivumishi; kimebaki kimoja, "safi", cha kanzu.
Hadithi inaanza barazani.
Mwanamume ameketi, watu wanampa mkono, analia vizuri,
na katikati ya kilio anamwegemea aliye karibu,
anauliza kwa sauti laini,
"Kaka, saa ngapi?"

Mwanamke wangu wa asumini nimempeleka uani,
amesimama nyuma ya mlango, anasubiri watu waondoke.
Buibui linagusa sakafu.
Sijaliinua.
Nimeandika "Akageuka",
nikaandika "Miguu",
nikaweka nukta tatu,
nikapunguza utambi.